Mitandao ya Kijamii Isiyo na Mmiliki Mmoja: Mwongozo kwa Watu wa Moshi na Vijiji vya Mlimani

Mjini Moshi na vijijini juu yake, kazi nyingi siku hizi hupita kwenye simu kabla hazijafika mkononi. Mwongoza watalii wa Machame hupata wageni kwa picha za Shira na Barranco alizoweka Instagram. Mama mwenye vyumba vya wageni Marangu hupokea maombi ya nafasi kwa WhatsApp. Chama cha msingi kikiitisha mkutano wa wanachama kabla ya msimu wa kahawa, tangazo husomwa kwenye kundi la simu kabla halijabandikwa ukutani. Hata mlimani kwenyewe mawasiliano yamepanda: Agosti 2022 Shirika la Mawasiliano Tanzania, TTCL, lilifikisha intaneti ya kasi kituo cha Horombo, mita 3,720 kutoka usawa wa bahari.

Mwaka 2025 ulituonyesha mara tatu jinsi njia hizi zinavyoweza kukatika. Mwezi Mei mtandao wa X ulianza kuzuiwa nchini, na Serikali ilieleza kuwa unaruhusu maudhui ya ngono yanayokiuka sheria zetu. Septemba, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilisimamisha kwa siku 90 leseni ya JamiiForums, jukwaa la Kitanzania lililokuwapo tangu 2006. Kisha tarehe 29 Oktoba, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Ongeza hapo mkasa ambao hautangazwi popote: mtu anadukuliwa akaunti yake, au anafungiwa na kampuni bila maelezo, na wateja aliowakusanya kwa miaka wanapotea kwa usiku mmoja.

Duniani kumeibuka aina nyingine ya mitandao ya kijamii, isiyomilikiwa na kampuni moja. Makala haya yanaeleza ni mitandao gani, inafanyaje kazi, inasaidia wapi na haisaidii wapi, na namna ya kujiunga hatua kwa hatua. Msimamo wake ni mmoja: jina lako la mtandaoni na orodha ya watu wanaokufuata visibaki mikononi mwa kampuni moja peke yake.

Inavyofanya kazi

Ukifungua Facebook, picha zako, marafiki zako na ujumbe wako vyote vinakaa kwenye kompyuta za kampuni ya Meta. Aliyeko X hawezi kukufuata kutoka huko, na wewe huwezi kuhamia kwingine ukawabeba wafuasi wako.

Mitandao iliyogatuliwa imejengwa kwa namna nyingine. Yapo maelfu ya seva, yaani kompyuta zinazotunza akaunti za watu, na kila seva ina mwenyewe: chuo, kikundi cha wapenda muziki, shirika, jiji, au mtu mmoja na rafiki zake. Seva hizo zinazungumza zenyewe kwa zenyewe kwa kutumia itifaki moja, yaani taratibu za pamoja za kupeana taarifa. Inayotumika zaidi inaitwa ActivityPub. Ukiwa kwenye seva moja unamfuata mtu wa seva nyingine, unasoma anachoandika na kumjibu, na mambo yanakwenda kana kwamba mko mahali pamoja. Jumla ya seva hizo huitwa fediversi.

Watu wa Kilimanjaro wana mfano wake tayari, nao ni ushirika. Kila chama cha msingi kina wanachama wake, bodi yake, ghala lake na mkutano wake mkuu, lakini kahawa ya vyama vingi hufika kwenye mnada wa Moshi ikiwa imepangwa kwa madaraja yale yale. Seva ni chama cha msingi. Itifaki ni madaraja na taratibu zinazofanya kahawa ya Rombo na ya Kibosho zikubalike meza moja. Ila kuna tofauti kubwa: fediversi haina chama kikuu. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, iliyoundwa 1933 ikiwa na mizizi katika chama cha wakulima cha 1925, ilifutwa pamoja na vyama vikuu vyote nchini mwaka 1976, mpaka ushirika uliporudishwa kwa sheria ya 1982. Uamuzi mmoja ulitosha kuondoa kazi ya zaidi ya miaka 40. Fediversi haina ofisi moja ambayo ikifungwa, au ikiuzwa, yote yanakwisha.

Ilikotoka na ilipofika

Wazo si la jana. Mwaka 2008 Evan Prodromou wa Montreal, Kanada, alianzisha Identi.ca, mtandao wa ujumbe mfupi uliotumia programu huria. Mwaka 2016 kijana wa Ujerumani, Eugen Rochko, alitoa Mastodon, ambayo mpaka leo ndiyo programu inayojulikana zaidi katika fediversi. Tarehe 23 Januari 2018, W3C, chombo kinachosimamia viwango vya wavuti duniani, kilipitisha ActivityPub kuwa kiwango rasmi. Kuanzia hapo mtu yeyote mwenye ujuzi aliweza kujenga mtandao wake ukaunganika na mingine. Pixelfed ikaja kwa ajili ya picha, PeerTube kwa ajili ya video, na nyingine nyingi.

Msukumo mkubwa ulitoka nje. Oktoba 2022 Elon Musk aliinunua Twitter, ambayo sasa inaitwa X, kwa dola bilioni 44, akafukuza sehemu kubwa ya wafanyakazi, wakiwamo wa ofisi yake ya Afrika iliyokuwa Accra, Ghana. Wiki zilizofuata watu zaidi ya milioni 2 walikuwa wakitumia Mastodon kwa mwezi. Wengi hawakukaa: hawakuwakuta rafiki zao, na kuchagua seva kuliwachanganya. Anayejiunga leo alijue hilo mapema.

Wimbi la pili lilikuwa la Bluesky, mtandao unaotumia itifaki yake iitwayo AT Protocol, uliofunguliwa kwa umma Februari 2024. Mahakama ya Juu ya Brazili ilipoifungia X mwishoni mwa Agosti mwaka huo, Wabrazili kwa mamilioni walihamia Bluesky ndani ya siku chache, na kufikia Novemba mtandao huo ulivuka watumiaji milioni 20. Meta nayo, mwenye Facebook, ilianza mwaka 2024 kuwaruhusu watumiaji wa Threads kuunganika na fediversi.

Tahadhari moja kuhusu Bluesky: itifaki yake iko wazi, lakini akaunti nyingi bado zinatunzwa na kampuni yenyewe. Katika ugatuzi, Mastodon imefika mbali zaidi. Kwa wepesi wa kuanza, Bluesky inashinda.

Inasaidia wapi, na wapi haisaidii

Turudi kwenye mikasa ya 2025, kwa sababu hapa ndipo watu hudanganyana.

Kampuni moja ikifungwa, ikiuzwa au ikibadili masharti, mtandao uliogatuliwa unasaidia kweli. Seva yako ikitangaza kufungwa au ikikuudhi unahamia nyingine kabla haijazimika, na wafuasi wako wanakufuata huko.

Seva moja ikisimamishwa, inasaidia kwa kiasi. Walio kwenye seva hiyo wanaathirika, wengine wanaendelea. Ndiyo maana si busara kila mtu kurundikana kwenye seva moja kubwa.

Intaneti yenyewe ikizimwa, haisaidii hata kidogo. Pasipo mtandao wa simu hakuna Mastodon wala Bluesky. Mwenye biashara ya wageni lazima abaki na namba za simu za kawaida na orodha ya wateja iliyoandikwa kwenye daftari. Atakayekuambia kwamba mitandao hii haizimiki, usimwamini.

Kuna faida nyingine isiyosemwa sana. Kwenye Mastodon unaona machapisho ya unaowafuata kwa mpangilio wa muda, la karibuni likiwa juu. Hakuna matangazo ya kulipia wala mtambo unaoamua nani akuone. Kwa anayenunua bando la siku, kusoma alichokusudia bila kulazimishwa video asizoziomba ni nafuu ya kweli.

Sheria kabla ya kujiunga

Sheria za nchi zinakufuata hadi huko. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inahusu unachoandika popote pale, iwe Facebook au kwenye seva ndogo ya watu 20. Kanuni za Maudhui Mtandaoni zinamtaka mtoa huduma za maudhui awe na leseni ya TCRA. Oktoba 2023 TCRA ilitangaza pia kwamba wanaotumia VPN, yaani programu zinazoficha njia ya mawasiliano, watoe taarifa zao kwake.

Kwa hiyo, kwanza hakikisha huduma unayoitaka inapatikana nchini kwa njia ya kawaida. Pili, tofautisha mambo mawili. Kuwa na akaunti ni jambo moja. Kuendesha seva ambayo watu wengine wanachapisha ni jambo jingine kabisa. Kikundi kinachotaka kufungua seva kiulize kwanza TCRA, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Kaskazini jijini Arusha, na kipate jibu kwa maandishi.

Namna ya kujiunga na Mastodon

1. Chagua seva. Nenda kwenye tovuti ya joinmastodon.org. Utaona orodha ya seva zikiwa na lugha, mada na idadi ya watu. Seva zilizo kwenye orodha hiyo zimekubali masharti manne: kusimamia dhidi ya ubaguzi na chuki, kutunza nakala rudufu kila siku, kuwa na angalau mtu mmoja wa pili anayeweza kuingia kwenye mitambo wakati wa dharura, na kuwapa watumiaji taarifa ya miezi 3 kabla ya kufunga. Sharti hilo la mwisho ni zito. Seva ikizimika ghafla huwezi tena kuhamisha wafuasi.

2. Soma kanuni za seva. Si maandishi marefu ya kisheria; mara nyingi ni mistari michache. Kama unauza kahawa au safari za mlimani, angalia kama matangazo ya biashara yanaruhusiwa, maana baadhi ya seva zinayakataa.

3. Fungua akaunti. Utaulizwa jina la mtumiaji, barua pepe na nywila. Baadhi ya seva zitakutaka uandike kwa nini unataka kujiunga, na msimamizi atakupitisha baada ya saa kadhaa au siku. Anwani yako itakuwa na sehemu mbili, jina lako na jina la seva, kwa mfano @jinalako@mastodon.social. Anayetaka kukupata anahitaji sehemu zote mbili, hivyo ziandike zote kwenye kadi ya biashara.

4. Weka ulinzi. Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye mipangilio siku hiyo hiyo. Akaunti za biashara hupotea kwa wadukuzi pia, si kwa kufungiwa tu.

5. Jaza wasifu. Weka picha, eleza unafanya nini na uko wapi. Mastodon ina nafasi nne za viungo. Ukiweka anwani ya tovuti yako hapo, kisha ukanakili kipande kifupi cha msimbo unachopewa na kukiweka kwenye ukurasa wa tovuti, alama ya kijani itaonekana pembeni ya kiungo. Hiyo inamhakikishia mgeni aliye Ulaya kwamba akaunti na tovuti ni za mtu mmoja. Kwa mji ambao matapeli hujifanya kampuni za kupandisha watalii mlimani, alama hiyo ina thamani, na hailipiwi.

6. Chagua Kiswahili. Kwenye sehemu ya kuandika kuna mahali pa kuonyesha lugha ya chapisho. Ukichagua Kiswahili, wanaotafuta maandishi ya lugha yetu watakupata kwa urahisi zaidi. Herufi zinazoruhusiwa kwa kawaida ni 500 kwa chapisho. Bluesky inatoa 300.

7. Tafuta watu. Hakuna mtambo wa kukuletea wafuasi. Tumia alama ya reli pamoja na neno, kama #Kilimanjaro au #kahawa, fuata watu, wajibu, sambaza vya wenzako. Wiki za kwanza zitakuwa kimya, na ukimya huo ndio uliowarudisha wengi wa 2022.

Kuhama seva bila kupoteza wafuasi

Tuchukue mwongoza watalii aliyefungua akaunti kwenye seva kubwa, akakusanya wafuasi, sasa anataka kuhamia seva ya wapenda milima. Anafungua akaunti mpya huko. Ndani ya mipangilio ya akaunti mpya anaandika anwani ya ile ya zamani, ili seva ijue kwamba zote mbili ni zake. Anarudi kwenye akaunti ya zamani, anakwenda sehemu ya kuhama, anaandika anwani mpya na nywila yake, anathibitisha. Kuanzia hapo seva za wafuasi wake zinapokea taarifa na kuwahamishia akaunti mpya zenyewe. Akaunti ya zamani inabaki na tangazo la kuwaelekeza wageni.

Machapisho ya zamani hayahami. Picha za Barranco zitabaki kule kule, hivyo apakue kwanza faili la kumbukumbu zake, ambalo seva humtolea mara moja kila baada ya siku 7. Orodha ya anaowafuata na aliowazuia anaipakua na kuipandisha upya kwa mkono. Akishahama, atasubiri siku 30 kabla ya kuhama tena. Hata usipokusudia kuhama, pakua orodha zako mara kwa mara ukiwa na amani.

Tahadhari nne

Ujumbe wa faragha si siri. Kwenye Mastodon ujumbe wa watu wawili haujafungwa kwa ufunguo kama mlivyozoea kwenye WhatsApp, na msimamizi wa seva anaweza kuufikia. Usitume humo nakala za pasipoti za wageni, namba za siri wala mambo ya hospitali.

Ulichofuta huenda kimebaki. Chapisho lako hunakiliwa kwenye seva za wanaokufuata. Ukilifuta, seva zinatumiwa ombi la kufuta, lakini hakuna wa kulazimisha kila moja itii. Picha za watoto, na za wapagazi wasiotoa ridhaa, usiziweke kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawapa watu haki juu ya taarifa zao.

Msimamizi ni binadamu. Seva nyingi zinaendeshwa kwa kujitolea na michango. Akichoka au akiishiwa fedha, seva inafungwa. Kama seva yako inakufaa, ichangie.

Chuki ipo huku pia, ila huzuiliwa kwa namna tofauti. Mwaka 2019 Gab, mtandao wa Marekani uliojaa ubaguzi wa rangi, ulihamia kwenye programu ya Mastodon. Hapakuwa na kampuni ya kuufukuza, lakini seva nyingi, kila moja kwa uamuzi wake, zilikata mawasiliano nao. Ukikutana na matusi au utapeli, bonyeza ripoti. Taarifa inamfikia msimamizi wako, mtu mwenye jina. Linganisha na mitandao mikubwa: mwaka 2022 Daniel Motaung, aliyewahi kuwa mchujaji wa maudhui, aliishtaki Meta pamoja na mkandarasi wake Sama mjini Nairobi kuhusu hali ya kazi ya wachujaji wa maudhui. Kazi ya kulinda mazungumzo ya Waafrika ilikuwa imekabidhiwa kwa mkandarasi.

Kwa vyama, vyuo na taasisi

Taasisi nyingi za Moshi zina tovuti ambazo hazitembelewi. Kama tovuti yenu imejengwa kwa WordPress, msimamizi wake anaweza kuweka kiongezi kiitwacho ActivityPub, ambacho hakilipiwi. Kikishawashwa, mtu wa Mastodon anaifuata tovuti moja kwa moja, na kila tangazo jipya, iwe bei ya kahawa, tarehe ya mkutano mkuu au nafasi za masomo, linamfikia bila kupitia Facebook. Anwani inabaki ya kikoa chenu wenyewe, yaani jina la tovuti yenu. Kwa taasisi, hii ndiyo hatua ya kwanza ninayoipendekeza. Bluesky nayo inaruhusu kikoa chako kiwe jina la akaunti yako.

Hatua kubwa zaidi ni seva ya wanachama. Tangu 2017 seva ya social.coop imekuwa mali ya ushirika wa wanachama wake, wanaochangia gharama na kupiga kura kuhusu kanuni na matumizi. Gharama zenyewe zinajulikana: kodi ya seva, kikoa, mahali pa kutunza picha, nakala rudufu, na muda wa wasimamizi wasiopungua wawili. Fundi hapatikani? Zipo kampuni zinazotunza seva ya Mastodon kwa ada ya mwezi. Kinachokosekana kwa kawaida ni utaratibu: nani anaingiza wanachama, nani anaamua ugomvi, hesabu zinasomwa lini.

Wilayani Kondoa, mkoani Dodoma, wanakijiji wakishirikiana na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dodoma waliwahi kujenga mtandao wa intaneti wa jamii kwa kutumia masafa ya televisheni yasiyotumika. Kama Kondoa iliweza kujenga njia yenyewe, Moshi haiwezi kushindwa na seva moja. Mji huu una Chuo Kikuu cha Ushirika, kilichoanza 1963 kikiwa Chuo cha Ushirika na kupanda hadhi 2014. Una pia vijana wa kompyuta na vyama vya msingi vilivyozoea kusoma mapato na matumizi mbele ya wanachama. Ushirika wa kidijitali uanze kufundishwa na kujaribiwa hapa, kwa leseni, kwa mkutano mkuu na kwa hesabu zilizo wazi.

Uanzie wapi

Usifunge akaunti zako za sasa. Wateja wako bado wako huko. Wiki hii fanya mambo matatu. Pakua orodha na kumbukumbu zako kutoka mitandao unayotumia, na uandike namba za wateja wako muhimu mahali pasipohitaji intaneti. Fungua akaunti moja kwenye mtandao uliogatuliwa unaopatikana kihalali, uiweke kwenye kadi na kwenye tovuti yako. Kisha, kama wewe ni kiongozi wa chama, kikundi au taasisi, peleka hoja kwenye kikao kijacho: anwani yetu ya mtandaoni ni ya nani, na mwenye nayo akiondoka kesho, tutawapataje wanachama wetu? Jibu liandikwe kwenye muhtasari wa kikao, na apangwe mtu wa kulitekeleza.